Mtu wa Saba

Kwenye simu ya kazi kuna visanduku sita.
Cha kwanza kinasema: Mkuu wa Kaya.
Cha pili: Mwenza.
Vinne vilivyobaki vinasema: Mtegemezi,
neno ambalo hapa Usoke
huandikwa hata kwa anayelisha nyumba nzima.

Asubuhi tulikuwa na mkutano
nyuma ya ghala la chama cha msingi.
Tumbaku ya mwaka huu ilikuwa bado haijalipwa.
Diwani, na kofia iliyobaki kwenye kampeni,
alisema bima kwa wote,
akalisema hilo "wote" mara tano,
akashuka kwenye kreti ya soda akijifuta jasho.

Mihayo Kasubi alisimama na risiti ya mwaka jana,
ameitunza ndani ya nailoni kama cheti cha ndoa.
"Nimelipa. Sikuugua. Hela yangu iko wapi?"
Watu walicheka, ila hawakumcheka yeye;
kila mmoja alikuwa na swali hilo mfukoni.

Sista Modesta wa zahanati akamjibu:
"Ulinunua kufuli, mwizi hakuja.
Utalirudisha dukani?"

"Nitalirudisha, kama halina ufunguo.
Mke wangu alikuja na kadi mwezi wa pili.
Mkaigeuza kadi, mkaisifu picha,
mkamwandikia dawa kwenye kikaratasi
akanunue kwa Chubwa, ng'ambo ya reli."

Sista alinyamaza. Nilimwona anahesabu
maboksi matupu ya rafuni, kichwani mwake.
Kisha akasema, kipaza sauti amekishusha:
"Dawa hununuliwa kwa michango,
na michango haiji kwa kuwa dawa hakuna.
Lazima mmoja wetu aanze kuwa mjinga."

Kijana wa gereji ya pikipiki akauliza
kwa nini asilipe anayeugua, basi.
Mama mmoja wa nyuma, jina lake silijui,
hakusimama hata kusimama:
"Wewe hujalala Kitete.
Nenda ukalale siku nne chini ya kitanda cha mtu wako,
halafu uje uulize tena."

Mimi sikusema kitu.
Mimi nalipwa kwa kaya, silipwi kwa hoja.

Saa nane nilikuwa kwa Kalunde Mlekwa,
vidole vyeusi kwa utomvu wa majani.
Elfu thelathini aliifungua kutoka pembe ya kitenge.
Hela ya asali, alisema, usishangae inanata.

Mkuu wa kaya? "Weka mimi."
Mume, yuko machimboni Nzega, "yupo tu, mwandike."
Bibi Nyanzobe, presha.
Tungu, darasa la sita.
Kashindye, ambaye alikohoa kabla sijauliza.

Kikabaki kisanduku kimoja,
wakaja mbio Kulwa na Doto,
miaka minne, kaptula za kitambaa kimoja,
kidonda cha goti, huyu kulia, huyu kushoto.

"Andika Kulwa, ndiye aliyetangulia."
Nikaanza kuandika.
"Hapana. Doto ndiye wa degedege."
Nikafuta.
Akanitazama, akawatazama, akashusha sauti
kama vile serikali imekaa pale kwenye kinu:
"Picha si mnapiga moja?
Na sura si moja?"

Kwenye mafunzo, Tabora mjini, tulionyeshwa mchoro:
watu wameshikana mikono, wamefanya duara.
Nje ya duara karatasi ilikuwa nyeupe.
Nilidhani mchoraji aliishiwa wino.

Nikasema, tazama hapa.
Wakatazama wote wawili.
Nikapiga mmoja.

Simu ikauliza: Je, taarifa hizi ni sahihi?
Chini yake: Ndiyo. Hapana.
Mtandao wa upande ule hupatikana juu ya kichuguu.
Nikapanda, nikainua mkono juu kabisa,
nikabonyeza.

Nyuma yangu somo lilikuwa limeanza,
mama amechuchumaa, anacheka kidogo ili wacheke:

Unaitwa nani?
Kulwa.
Na wewe?
Kulwa.