Daftari la Bwawa

Jumamosi. Klorini vijiko viwili,
baada ya magharibi, jua lisije likaila.
Chujio nimelisuuza: limetema majani ya mwarobaini,
kibanio cha nywele, kapi la muwa,
na chura aliyedhani amefika Amboni.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Hii yangu ni maji, na maji hata ukiyaandika
hupanda juani kila mchana, kidole kwa kidole,
bila kuaga.

Lilikuja kwa kirikuu, bwawa lenyewe:
mabomba kumi na nane, pampu yenye kikohozi,
turubai la bluu lililokunjwa na mtu mwenye hasira.
Meneja wa shamba la mkonge alikuwa anahama,
akaniuzia kwa bei ya mbuzi wawili na nusu
na onyo moja: uwanja uwe sawa.
Nikautafuta usawa siku tisa,
nimepiga magoti na pimamaji kama mtu anayelipa sala,
toroli la mchanga huku, toroli kule,
na kile kiputo cha hewa kikinicheka kando ya mstari.

Barabara ya Kumi na Nne haikukawia.
"Bahari Mungu kaiweka Raskazone, bure,
wewe walipia uniti saba za bomba, uzilaze uani?"
Wakanibatiza Mzee Beseni.
Muuza duka akaliandika hilo jina
kwenye daftari lake yeye, la madeni.

Nilikwenda matanga Korogwe, siku nne tu;
narudi, limekuwa mlenda.
Bwana Afya akaja na kopo la kupimia viluwiluwi,
akachota, akahesabu kwa sauti,
akafika thelathini na moja, akachoka.
Nikasugua kuta kwa brashi ya choo, mpya,
nasema mpya ieleweke,
mpaka kucha zikanuka hospitali.

Masika ya pili, saa nane za usiku,
mguu wa upande wa jiko ukazama.
Haukuwa mshindo. Ilikuwa kama mtu mnene
ameketi ghafla.
Lita elfu saba zikatoka kwa mlango mmoja,
zikapita uani kwa Bi Mwanahamisi,
zikamchukulia ndoo, kifaranga, na makubazi.

Alfajiri yuko mlangoni, kanga imelowa hadi magotini.
Nikaiandaa shingo yangu.
Akauliza:
"Sasa Mwantumu leo atatembea wapi?"

Kumbe walijua.

Tangu kiharusi, mguu wake wa kushoto
ni mgeni asiyeelewa lugha ya nyumba hii.
Nchi kavu anauburuta. Majini, yakifika kiunoni,
unakumbuka.
Baharini hataki: wimbi halimsubiri mtu,
na hataki kubebwa mbele za watu kama gunia la nazi.
Siku ya kwanza aliingia na dera lake, na mtandio kichwani.
"Maji ukiyavulia nguo," nikaanza,
akanirushia kandambili.
Kisha akashika ukingo, akazunguka.
Nusu.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Turubai alilishona Semboja, fundi wa viti vya pikipiki,
kwa uzi wa nailoni, gundi ya tairi na matusi.
Mchanga tukaushindilia upya, kiputo kikatulia katikati.
Maji wakaleta wao: madumu, ndoo,
hata yule muuza duka, kimya,
sufuria la pilau la harusi limejaa hadi kwenye masikio,
akamimina bila kunitazama.

Jumapili. Maji safi. Sarafu ya mia iko chini,
naisoma hadi mwaka.
Klorini imebaki robo kopo.
Mwantumu: mizunguko kumi na mmoja. Jana tisa.
Kununua: gundi.
Makubazi ya kike, namba thelathini na nane.