Kwa Wanaotengeneza Kichujio

Wapendwa mafundi wa programu,
mmeomba maoni. Haya, nami ninayo machache.

Naandika kutoka Kutaisi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifungo.
Ni Februari, mto Rioni umefura kwa theluji iliyoyeyuka,
na umeme hukatika kila jengo zima likiinjika supu.
Kwa hiyo ombi la kwanza: ihifadhini kazi yangu bila kungoja niwaambie.
Juzi zimenipotea saa sita za kuokota mikwaruzo, mmoja mmoja,
kama mtu anayechambua mchele gizani.

La pili ni herufi zetu. Faili nikiliita kwa Kijojia
mnaniandikia vijumba vitupu, mstari mzima wa vijumba,
utadhani mtaa uliohamwa.

La tatu ndilo lililonikalisha kitako.

Alikuja mama mmoja, Guliko Svanadze,
na utepe ndani ya kopo la biskuti, umefungwa kwa uzi wa kufumia.
Baba yake Varlam na majirani wawili, jikoni, mwaka wa sabini na moja:
wimbo wa wanaume watatu, kila mmoja na njia yake.
Wa juu anapaa. Wa kati anasimulia.
Varlam yuko chini, hana maneno,
ana sauti moja tu, nene, ndefu, ameishikilia
kama mtu anayeshika ngazi wenzake wapande.

Nikabonyeza kitufe chenu cha kuondoa mvumo wa umeme.
Kikafanya kazi barabara.
Ukaenda mvumo wa waya, ukaenda wa friji,
na Varlam akaenda nao.

Maana umeme wetu huguna mara mia kwa sekunde,
na yeye aliguna tisini na nane.
Kichujio kikaona ndugu wawili wanafanana,
kikawatimua wote.

Wale wawili wakabaki juu, ngazi haina mshikaji.
Guliko akavua hedifoni, akaziweka mezani taratibu.
"Ni safi," akasema.
"Safi kama nyumba iliyokwisha toa maiti.
Sasa mrudishe."

Nikamrudisha. Siku nne, kwa mkono.
Nilimvizia kwenye pumzi: kila alipovuta hewa
waya ulibaki peke yake, na hapo nikaujua sura yake.
Umeme haupumui.
Hilo tu, wapendwa. Siku nne, kumbe siri ni hiyo.
Basi kabla ya kufuta, kichujio chenu kisiniulize desibeli.
Kiniulize: huyu anapumua?

Na hicho mnachokiita "kelele za nyuma", tafadhali,
kipeni jina jingine, au acheni nafasi nijaze mwenyewe.
Dakika ya pili kuna kikohozi. Kilikwisha wekewa alama nyekundu.
Guliko alinishika mkono.
"Huyo mama. Hakuwahi kuimba mbele ya wageni.
Sina kingine chake."

Nilidhani nimemaliza.
Nikamchezea nakala ya mwisho: baba yupo, kikohozi kipo,
mvumo hakuna. Akasikiliza, kichwa kimeinama upande.
"Na friji?"
Friji nimelitoa, mama. Nimehangaika kulitoa.
Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya skafu.
"Lilikuwa jipya, la kwanza katika ngazi yetu.
Baba alikuwa anachukua sauti kwalo.
Likianza kuguna alisema, haya, limetupa mwanzo,
naye anaingia. Ila hakulifikia kamwe,
hasa baada ya glasi ya tatu."

Tisini na nane. Mia.

Nikalirudisha friji.

Sijui mtakiandikaje kitufe cha namna hiyo,
wala mtakipachika wapi kwenye menyu.
Bei ya toleo jipya, hata hivyo, ni kubwa mno.

Wenu, Nodari Kobakhia.
Nitaituma barua hii umeme ukirudi.