Mwisho Ulikuwa Utabiri wa Hali ya Hewa

Mimi si mjuzi wa filamu. Nasema mapema,
msije mkanidai majina ya waongozaji.
Nashona mapazia hapa Bydgoszcz, na jioni
natazama chochote kisichoniomba nifikiri sana.
Lakini maoni ninayo.

La kwanza: sauti moja ilitosha.
Miaka ile kanda za video zilitufikia kutoka ng'ambo
na bwana mmoja, mmoja tu, akitusomea watu wote,
muuaji na mchumba, mtoto na kamishna wa polisi,
kwa sauti ileile ya mtu anayesoma bili ya umeme.
"Nakupenda," anasema, bila kupandisha nyusi.
"Bomu litalipuka," anasema, kisha anameza mate.
Na sisi tukilia. Haki ya Mungu tulilia.
Yeye hakuigiza, basi kazi ya kuhisi ilibaki yetu.
Siku hizi kila mhusika ana sauti yake
na kila sauti inanishika mkono kunivusha barabara
kana kwamba sioni.

La pili nimelisahau. Litarudi.

Mjomba Ireneusz alirudi kutoka Hamburg
na mashine ya video begani, kama mtu aliyebeba ndama.
Tulijazana watu kumi na wanane, ghorofa ya nne,
viatu vimeziba mlango, na Bi Gertruda wa chini
amekuja na kiti chake mwenyewe
kwa sababu hakuviamini viti vya watu.

Kanda ilikuwa ya jambazi mstaafu
mwenye koti la ngozi ya mbuzi
anayefukuzwa mpaka katikati ya daraja.
Anamgeukia inspekta.
Anafungua mdomo.
Na papo hapo: ramani ya Poland,
mtangazaji mwenye mabega ya sifongo,
Suwałki, hasi kumi na saba,
madereva waangalie, barabara zinateleza.

Mtu alikuwa amerekodi juu yake.

Jambazi alitaka kusema nini? Tulibishana hadi Pasaka.
Kaka yangu Seweryn alishika kuwa aliomba msamaha.
Gertruda: aliomba sigara.
Mama, akimenya viazi, hata hakuinua kichwa:
"Alimwambia mwenzake afunge vifungo, kuna baridi."

Ikawa ndiyo kwaheri ya nyumba yetu.
Mtu akitoka kwenda dukani: Suwałki, hasi kumi na saba!
Seweryn alipopanda basi la kwenda Dublin kutafuta kazi,
mama alilisema hilo tu, dirishani, mara mbili,
na ilikuwa Juni.

Juzi mwanawe, Kajetan, amekuja kunitembelea
akaipata filamu nzima kwenye simu,
imesafishwa, rangi zake kama pipi.
Daraja. Koti. Jambazi anageuka, anafungua mdomo:
"Umechelewa, inspekta."
Kisha matarumbeta.

Umechelewa! Miaka thelathini na mitatu
nimsubiri mtu aniambie nimechelewa?
Nilimwambia Kajetan azime, nikaenda kuosha vikombe
ambavyo vilikuwa safi.

La pili hilo hapo, limerudi:
wanaosema filamu za zamani zilikuwa bora, waongo.
Nimezirudia. Ukuta wa gereza unatikisika
mlango ukibamizwa. Ndevu zinabanduka.
Mwanamke anakimbia msituni usiku kucha
na nywele hazijapinda hata unyoya.
Kilichokuwa bora ni goti la mama nililoegemea,
na supu ya shayiri, na kile kiti cha Gertruda
kilichokuwa kikilalamika kila risasi ilipolia.
Sipendi kulisema hivyo, linanuka kadi ya sikukuu.
Lakini nimeshalisema.

Kajetan alikuwa na treni ya saa mbili usiku.
Nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi:
"Suwałki, hasi kumi na saba."
Akatoa simu, akaikagua kwa makini.
"Hapana, shangazi. Ni nne juu ya sifuri. Mvua."

Akafunga vifungo hata hivyo,
mpaka kile cha shingoni.