Waya wa Njano

Natambaa nyuma ya televisheni, tochi mdomoni.
Nyekundu kwa nyekundu, nyeupe kwa nyeupe.
Ya njano haimwoni mwenziwe;
naichomeka kwenye tundu la kijani, liwalo na liwe.

"Vipi huko?"
"Wanacheza," asema mama mkwe, Siranush,
"ila wamekuwa majivu."

Harusi ya Vardges, diski imetoka Marseille,
nasi huku Gyumri theluji imeziba dirisha.
Bibi harusi kijivu, keki kijivu,
hata zumari lalia kijivu.

"Yaache hivyo hivyo. Amefanana na marehemu baba yake pichani."

Lakini kidole changu kimeshapapasa tundu jingine,
limejaa vumbi, la njano,
na waya umeshaingia: tak!
Rangi zikamwagika sebuleni.

Akanyamaza.
Chini ya keki, kitambaa chekundu,
makomamanga pembezoni,
uzi wake, sindano yake, macho yake ya usiku.
Miaka mitatu amekitafuta.
Miaka mitatu hajamsalimu Hripsime wa mlango wa pili.

Diski yazunguka. Wageni wapiga makofi.
Siranush anavaa viatu,
anavivua.

"Chomoa," asema.
"Hiyo ya njano tu. Chomoa kwanza."