Baba Anahesabu Hadi Thelathini

Sura ya baba imekwama tena,
jicho moja limefumba, mdomo wazi
kama mtu aliyekatizwa akitaka kupiga chafya.
Sauti inakuja nyuma yake, vipandevipande:
u… na… ni… o…
Hapana, baba. Sikuoni.
Naona miraba ya rangi ya uji.

Basi nampigia kwa simu ya kawaida,
mimi Trondheim, yeye Tartu,
Jumapili saa kumi, theluji kwake, mvua kwangu.
Wahenga walisema haraka haina baraka;
wahenga hawakulipia megabiti mia
wakapewa mbili na nukta moja.

Zima ruta, namwambia. Chomoa kabisa, usibonyeze tu.
Hesabu hadi thelathini.
Namsikia akihesabu polepole, kwa sauti, bila kuruka,
sauti ile ile aliyohesabia uso ukutani
nami nimejibanza nyuma ya makoti, sipumui,
nina miaka sita.
Thelathini, anasema. Nimechomeka. Taa tatu za kijani,
moja ya chungwa inapepesa.
Sasa je?
Sasa mbili na nukta tatu.

Kampuni ameshawapigia mara nne.
Kijana mmoja, Taavet, mwenye adabu zake,
alimhakikishia laini ni safi mpaka mlangoni.
"Mlangoni!" baba anafoka. "Kwani mimi naishi mlangoni?"

Tujaribu waya. Ule wa buluu,
kwenye droo ya betri zilizokufa na funguo zisizo na makufuli.
Anapiga magoti kuuchomeka; magoti yanalia, nayasikia.
Tisini na nne, anasoma.
Anasoma tena, kama barua iliyotaja jina lake.
Tisini na nne.

Kwa hiyo si kampuni, baba. Si theluji.
Si jirani yako Endel na mashine yake ya kuchomelea,
unayemnunia tangu Novemba.
Kikulacho ki nguoni mwako.

Tembea, bila waya, chumba hadi chumba,
unisomee namba.
Jikoni, tatu. Chumba cha kulala, mbili.
Sebuleni, ubavuni mwa ruta: sabini na mbili.
Hatua tatu mbele yake: tano.
Hatua tatu tu? Baina ya hapo na hapo kuna nini?
Kimya.
Samaki, anasema.

Tangi la mama. Lita mia mbili na arobaini.
Lilikuwa dirishani chumbani kwake;
baba alilihamishia sebuleni wiki ile tuliyotoka makaburini,
ili samaki wasilale peke yao.
Ndivyo alivyosema: samaki.

Namweleza: mawimbi hayapatani na maji. Maji huyanywa.
Miezi tisa kila neno langu lilipita humo kwanza,
katikati ya majani na konokono,
likatokea upande wa pili limelowa, pungufu.
"Kwa hiyo walikuwa wanakusikiliza," anasema.
Sijui kama anatania.

Tangi halisogei, hilo hatulijadili.
Ruta inapanda juu ya kabati la vitabu,
imefungwa kwa uzi wa sufi uliobaki kikapuni.

Halafu picha.
Safi, mpaka nyuzi za sweta.
Nami sikuwa tayari.
Ile miraba ya uji ilinisitiri na mengi:
mashavu yaliyobonyea, kifungo kilichokosea tundu,
nyuma yake sahani moja, kijiko kimoja,
na kiti cha mama kimejaa magazeti.
Unanionaje? anauliza.
Vizuri, nasema. Vizuri sana.

Tukanyamaza.
Miezi tisa maongezi yetu yalikuwa mtandao:
umekatika, umerudi, unanisikia, jaribu tena.
Sasa umepona,
hatuna mgonjwa wa kumjulia hali.

Ndipo akageuza kamera kwenye tangi.
Walikuwa saba, nakumbuka.
Nikahesabu polepole, kwa sauti, bila kuruka.
Nikaishia watano.
Ngoja, akasema baba. Usikate.
Wale wawili hupenda kujificha.