Kifungo cha Tatu

Mama aliuliza, ungo magotini:
"Leseni ya nini,
kumfundisha mtu mzima kufunga vifungo?
Miaka ya chuo Moshi, mwaka wa mazoezi,
halafu bado mtihani, halafu bado namba?
Hata korosho haina safari hiyo
kutoka mtini hadi ghalani."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na bahasha:
picha mbili, nyuma bluu,
cheti cha kuzaliwa kinachoniita Nampunju
na cha chuo kinachoniita Nampunja,
kana kwamba kuna mtu nilimpunja.
Herufi moja ikanishusha hadi Masasi, kwa wakili,
kuapa kwamba mimi ni mimi.
Mhuri ukaanguka, pa!
"Elfu ishirini," akasema.

Asubuhi ukungu wa Newala hula wodi ya pili yote,
huacha mlango tu.
Nyuma ya mlango, Bi Somoe Nantende
kwenye shati la marehemu mumewe,
maana vifungo vyake ni vikubwa.
Kiharusi kilimkuta akibangua;
upande wa kulia ukalala.
Weusi wa mafuta ya maganda haukutoka vidoleni,
si kwa sabuni, si kwa ugonjwa.

"Wewe daktari?" Hapana.
"Nesi?" Hapana.
"Sasa wewe nani?"
Nikataja kazi yangu, tiba kwa vitendo.
Akaitafuna kama ming'oko isiyoiva, akaitema:
"Mtu wa vifungo."

Basi nikawa mtu wa vifungo.
Nikanenepesha mpini wa kijiko kwa mpira wa baiskeli,
nikatia kitanzi kwenye kata,
maana maji yetu ni ya kununua
na mkono unaojifunza humwaga.
Ila kwenye daftari la mazoezi
kila nilichofanya kilisubiri jina la mwingine:
Bwana Chinguile, msimamizi,
ajaye Jumanne kama gari limewaka.
Mikono yangu ilijua.
Sahihi yangu haikujua kitu.

Kifungo, kwa lugha yetu,
ni cha shati na ni cha jela.
Nilihesabu miezi kwa vyote viwili.

Mtihani uliuliza: *Mgonjwa hawezi kujivika. Utaanza na nini?*
Nilitaka kuandika:
nitaanza kwa kumuuliza shati ni la nani.
Halikuwemo, kuanzia a hadi d.
Nikazungushia c.

Ujumbe ulinikuta kwenye foleni ya maji,
ndoo ya tatu kutoka bombani.
*Umesajiliwa.* Na namba, ndefu,
nikaisoma mara nne, simu ikilowa,
mpaka wa nyuma akanisukuma:
"Dada, kama huteki, pisha."

"Imekuja?" Bi Somoe akauliza.
Imekuja.
"Sasa wanaweza kukushtaki?"
Nikafikiri. Wanaweza.
Sasa nikikosea, ni mimi.
Akatikisa kichwa taratibu,
kama mtu aliyepimiwa kilo sawasawa.
"Haya. Hiyo ndiyo kazi."

Akaanza.
Cha kwanza kikaingia. Cha pili
kikateleza, kikarudi, kikateleza, kikaingia.
Cha tatu kilichukua dakika kumi na moja
kwa saa ya ukutani, inayochelewa.
Kidole gumba kilitetemeka, ulimi nje,
nje mtu anaita kuku,
na kifungo kikazama
kwenye tundu la nne.

Shati likakaa upande,
kola moja sikioni, nyingine begani.
Mkono wangu uliinuka, huu wenye namba,
ukafika nusu ya njia.
Nikaurudisha mapajani.

"Nimefunga," akasema.
Umefunga.

Nikafungua daftari:
*Kifungo cha tatu, tundu la nne. Mwenyewe.*
Chini pakabaki mstari mtupu,
pale panapokaaga Chinguile.
Nikasaini hapo, jina zima,
pamoja na ile herufi.