Koti la Gololi

Beringi ya kinu namba nne imeletwa mezani
ndani ya gunia, kama kitu kilichookotwa.
Ruperta Colque anaifungua kwa nyundo ya shaba.
Zamu ya usiku, karakana ya Calama;
nje, baridi ya jangwa inagonga mabati.

Miezi mitano.
Iliahidiwa miaka mitatu.

Siku alipokuja muuzaji, Bwana Vilches,
viatu vyake vikiwa havijawahi kukanyaga grisi,
alimwekea gololi nyeusi kiganjani:
"Imevikwa kaboni, mama. Koti jembamba
kuliko unywele uliopasuliwa mara thelathini,
gumu kuliko mchanga wowote wa Atacama.
Vumbi likiingia litasagika lenyewe."

Na kweli, tusimsingizie.
Chini ya hadubini Ruperta anapaona
mahali koti lilipofanya kazi:
chembe ilichimba kishimo njiani,
kingo zikainuka kama midomo ya kidonda,
gololi ikapita, ikapita tena, ikazipiga pasi
hadi zikalala.
Hizo zilikuwa wiki za kwanza.

Kisha mafuta yakawa uji.
Mpira wa kuzibia ulichanika, na hakuna aliyeandika daftarini.
Chujio lilikuwa la maikroni ishirini na tano,
na vumbi la mwamba halibishi hodi.
Chembe ikakandamiza, chuma kikabonyea chini ya koti,
nalo koti, kwa ugumu wake, halikufundishwa kuinama.
Likapasuka. Likabanduka magamba.
Na magamba yale, magumu kuliko mchanga wowote,
yakaogelea katika mafuta yaleyale
yakirudi kuitafuna gololi waliyoivalia.

Kikulacho, anaanza Ruperta,
hamalizii. Hakuna wa kumwitikia
ila feni, na birika.

Bibi yake wa Caspana, Saturnina,
alisaga mahindi juu ya jiwe miaka sitini,
na jiwe nalo lilikuwa likisagika, likiingia ungani.
Akipiga mwayo uliyaona meno: bapa,
kama vizingiti vya nyumba yenye wageni wengi.
Hakuna lililooza. Hakuna lililong'oka.
Yaliliwa na mkate.
Unga wa watoto aliuchekecha mara mbili,
wake mara moja,
maana mkono ulikuwa umechoka
na jua lilikuwa limekwisha kwenda.

Fomu ina kisanduku: *Chanzo cha uharibifu.*
Kasoro ya kiwanda. Mzigo kupita kiasi. Mengineyo.
Kwenye mengineyo anaandika: *chekecha mara mbili,*
anaitazama, anaikata kwa mstari mmoja,
chini yake anaandika kama mhandisi apendavyo:
*mpira mpya; chujio la maikroni tatu;
mafuta yapimwe kila wiki.*

Saa mbili asubuhi Vilches atapiga simu.
Ana koti jingine, atasema, gumu zaidi.

Ruperta anafuta meza. Kitambaa kinang'aa weusi.
Anakikung'uta mlangoni, mbali na beringi mpya,
akiupa upepo mgongo.
Mstari ule alioukata
bado unasomeka.